Kuhama kutoka baiskeli ya kulala ya chini hadi ya juu kwa mbio za saa 12

Ndugu wa Kisumu ameuliza hivi: ana baiskeli ya kulala, yaani ile unayoiendesha ukiwa umelala chali miguu ikitangulia mbele, tena ya chini, ambayo ukiikalia mgongo unakaribia lami, na baada ya miezi mitano anataka kuingia mbio za saa 12 za kushindana na saa, kila mtu peke yake, bila kujikinga upepo nyuma ya mwenzake. Je, abaki nayo au achukue ya juu, yenye magurudumu mawili makubwa? Mimi nimepitia njia hiyo hiyo hapa Nakuru, kwa hivyo naomba unisome hadi mwisho.

Hama. Lakini hama sasa hivi, si mwezi mmoja kabla ya mbio.

Naanza na hesabu kwa sababu ndiyo iliyonigeuza. Tulipima kipande cha kilomita 15 kwenye barabara ya Mogotio kwenda Marigat, huku chini karibu na Marigat ambako miteremko mikali imeisha na magari si mengi. Nilikwenda na kurudi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mara ya kwanza kwa ile ya chini, na miezi saba baadaye kwa ya juu. Ya chini ilinipa kilomita 301, ya juu 338. Sasa tazama jambo lenyewe: nilipokuwa kwenye mwendo, ya chini ndiyo iliyokuwa na kasi zaidi, wastani wa kilomita 30.6 kwa saa, na ya juu 30.2. Upepo ulipita juu yangu vizuri, kama wanavyosema wote wanaoipenda. Ila kwa ya chini nilisimama jumla ya saa mbili na dakika kumi, na kwa ya juu dakika 48 tu. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kila dakika kumi unazokaa chini ya mgunga ukinyoosha shingo ni kilomita tano zimekwenda, na hakuna kiti kilicholala kiasi cha kukurudishia.

Sifa ya baiskeli hizi ilizaliwa kwenye saa moja. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya umbali wa kuendesha kwa muda wa saa moja mjini Paris kwa Velocar, baiskeli ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet, akafika kilomita 45.055. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likaziweka baiskeli za kulala nje ya mashindano yake, na tangu hapo makazi yetu yamekuwa kwenye mbio za masafa marefu zenye kanuni zake. Lakini bado tunanunua kwa macho ya ile saa moja ya uwanjani. Uwanjani, kwa saa moja, mwili huvumilia karibu chochote. Saa ya tisa barabarani ni habari nyingine kabisa.

Kilichonisimamisha kwanza ni kichwa. Kiti cha baiskeli yangu ya chini kimelala sana, kwa hivyo huwezi kuendesha bila kiegemeo cha kichwa. Shingo itachoka kabla hujamaliza saa mbili. Sasa weka kichwa kwenye kiegemeo, halafu pita kwenye lami yetu ya kokoto kubwa na gurudumu la mbele la inchi 20. Kila mtikisiko unapanda kwenye fremu hadi kwenye fuvu. Macho yanapoteza shabaha, shimo linaonekana kama mawili. Nikiinua kichwa, shingo inauma; nikikilaza, sioni. Kwenye ya juu niliuinua mgongo wa kiti kidogo tu, na gurudumu kubwa likawa linavuka yale matuta madogo madogo ya kabla ya kila soko bila kunipiga. Kumbuka wewe huwezi kusimama juu ya pedali ili tuta lipite chini yako, kama afanyavyo mwenye baiskeli ya kawaida. Umelala. Kinachopiga gurudumu kinakupiga wewe.

La pili ni joto. Ukiwa sentimita 28 kutoka ardhini, lami ya Marigat saa nane mchana inakuoka kutoka chini. Na jua nalo: mtu wa baiskeli ya kawaida linampiga utosini, wewe linakupiga usoni, shingoni na mapajani, siku nzima. Baiskeli ya juu haitakuponya na hilo. Vaa kofia yenye ukingo mrefu chini ya helmeti, miwani myeusi, na shati jepesi la mikono mirefu.

Nisikudanganye, nyayo ziliniwaka kwenye baiskeli zote mbili. Miguu iko juu kuliko makalio, damu inafika kwa shida, na baada ya muda wa saa nne vidole vinakufa ganzi kisha vinawaka kama umekanyaga makaa. Kilichonisaidia ni viatu, wala si baiskeli: nilichukua saizi kubwa kwa nusu namba, nikasogeza vile vyuma vya kushikia pedali nyuma kabisa kuelekea kisigino, na nikalegeza kamba kila baada ya saa mbili kabla mguu haujaanza kulalamika. Fanya hayo leo kwenye baiskeli uliyo nayo. Hayahitaji pesa nyingi.

Magoti pia. Mgongo wako umeegemea kiti, kwa hivyo unaweza kusukuma pedali kwa nguvu kuliko uzito wa mwili wako, na goti ndilo linalolipa. Chagua gia nyepesi, zungusha miguu haraka. Mlimani ni hivyo hivyo, hasa ukipanda kutoka Mogotio kurudi Nakuru: tulia, usishindane na mtu yeyote.

Kwa nini nasema uhame mapema? Pembe kati ya kiwiliwili na mapaja inabadilika, na misuli iliyozoea pembe moja haijui kazi ya pembe nyingine. Mimi wiki sita za kwanza nilikuwa mzito wa mwendo kuliko nilivyokuwa kwenye ya chini, nikakaribia kuiuza. Wiki ya kumi ndipo kasi iliporudi. Halafu, mgongo wa kiti ukiwa umeinuka, uzito unashuka kwenye makalio nayo yanaanza kuuma, kwa hivyo usiuinue kupita kiasi. Kuna pia kisigino kugusa gurudumu la mbele ukikata kona kali. Jifunze kwenye uwanja mtupu kuacha kupiga pedali pale unapopinda.

Kuhusu ununuzi, angalia sana magurudumu. Ukiambiwa "inchi 26" usiridhike, soma namba pembeni mwa tairi, ile ya kipenyo cha rimu kwa milimita: kuna 559, 571 na 590, na haziingiliani. Ile ya 559 ni ya baiskeli za milimani, utaipata kwa fundi yeyote kuanzia Nakuru hadi Busia. Ile ya 571 ni ya mbio, na ikipasuka utasubiri mzigo kutoka nje. Mnyororo ni mrefu karibu mara tatu ya ule wa kawaida. Nunua mitatu ya aina moja uunganishe, na ukague kapi linaloubeba chini ya kiti. Kapi likipiga kelele, linakula nguvu yako kila mzunguko.

Usalama nimeuacha nyuma lakini ndio ninaoujali kuliko yote. Uwanda wa Kano ni tambarare, najua unavutia, ila kati ya Ahero na Awasi kuna malori, matatu na trekta za miwa, na dereva wa lori hakuoni ukiwa chini ya taa zake. Kwenye ya juu macho yako yanalingana na ya dereva wa gari dogo, mnaangaliana. Hata hivyo weka bendera, kioo cha pembeni na taa ya nyuma inayowaka mchana. Mwenzetu mmoja aliguswa na lori akiwa kwenye ya chini, na dereva aliapa hakumwona. Ninamwamini. Mwenzetu alipona, lakini hajarudi barabarani.

Kabla hujalipa, omba kuijaribu kwa saa tatu, si kuzunguka ua wa muuzaji. Urefu wa mguu ni muhimu: kiti changu kiko sentimita 60 kutoka ardhini, na mtu mfupi anagusa chini kwa ncha za vidole tu, jambo la hatari ukisimama ghafla mlimani. Nitumie kipimo cha mguu wako kwa ndani, kutoka kinenani hadi kisiginoni, nami nitakuambia kama yangu inakufaa kuijaribu. Njoo Jumamosi na viatu vyako, tushuke hadi Mogotio kabla jua halijapanda.