Mnaotaka kuanza kufufua kompyuta chakavu za kugawa, pitieni hapa kwanza

Naona vijana wengi siku hizi wanauliza waanzie wapi, mtu kapata kompyuta tano au kumi kwenye ofisi iliyobadilisha vifaa, anataka azipige Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) awape watoto wa shule au kikundi cha kina mama mtaani kwao. Safi sana. Mimi huu ni mwaka wa tisa, chumba kimoja nyuma ya duka la mama mmoja hapa Morogoro, saa nyingine miezi mitatu hakiingii kitu halafu siku moja inasimama Fuso mlangoni hujui hata utazipanga wapi. Nitaandika vile ninavyokumbuka, sio kwa mpangilio, mtanisamehe.

Kabla hujawasha chochote geuza mashine uangalie nyuma kwenye pawa saplai. Zile desktopu za zamani nyingi, hasa zilizotoka Marekani, zina kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Mashine yangu ya kwanza kabisa ya msaada niliichomeka kiswichi kikiwa 115, ikalia paa! kama baruti, moshi chumba kizima, mwenye duka akatoka mbio na mtoto mgongoni na umeme ukakata mpaka kwa jirani. Alinisamehe ila mpaka leo nikichomeka kitu anatoka nje kwanza.

Halafu jifunze kukataa. Hii hakuna aliyeniambia. Kuna mtu anakuletea msaada kumbe anatafuta pa kutupia, skrini zile za mgongo mkubwa ambazo ndani kioo chake kina risasi (madini ya risasi, sio ya bunduki) na kompyuta za Pentium 4 (prosesa za zamani sana) zilizooza, akishakushushia yeye kasafisha stoo yake na wewe ndio umebaki na taka. Mimi mstari wangu ni huu, mashine iwe ya 64-bit (sio zile za zamani za 32-bit), kuanzia prosesa ya Core 2 Duo, na ikubali RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) angalau GB 4. Chini ya hapo nachukua kwa ajili ya spea tu, skrubu, waya, feni. Hata Debian, aina mojawapo ya Linux, ambayo ilivumilia vizee kuliko karibu wote, toleo la 13 la Agosti 2025 limeacha kutoa kisakinishi cha 32-bit, sasa wewe ni nani ung'ang'anie.

Na mnaoanza sasa hivi mna bahati jamani. Windows 10 ilikatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo maofisi yanatoa mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina tatizo lolote, kosa lao ni umri tu. i5 ya kizazi cha sita yenye GB 8 kwangu ni harusi. Sisi tulikuwa tunagombania yenye GB 1.

Sasa ukaguzi, hapa ndio nataka mtulie maana hapa ndio wengi mnakimbia. Mgeni akipata mashine kitu cha kwanza anachomeka flashi, dakika ishirini Linux imekaa, anapiga picha anatuma kwenye grupu. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilipeleka kumi kwenye shule moja huko milimani, zimewaka zote, tukapiga makofi, mpaka muhula unaisha nne zimekufa hadi diski (hard disk, pale mafaili yanapokaa). Na unajua mwalimu alisema nini? Hakusema hadi diski mbovu, alisema "hii Linux yenu haifai". Shikeni hilo. Mashine ya Windows ikiharibika watu wanasema kompyuta imeharibika, ya Linux ikiharibika wanasema Linux ni mbovu, kwa hiyo kila kifaa dhaifu unachokiachia kinaenda kukuchafulia jina la programu huria yote na huyo mwalimu humrudishi tena.

Basi hadi diski ipime kwa GSmartControl, programu ya kusoma afya ya diski, usiishie kwenye lile neno kwamba imefaulu maana diski inafaulu huku inakufa, angalia mstari wa Reallocated (sehemu mbovu zilizohamishwa) na wa Pending (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Pending ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri mimi simpi mtu hiyo diski, kwisha. Ukipata hela kidogo za kununua kitu kimoja tu nunua SSD ndogo za GB 120 (diski za kasi zisizozunguka), hakuna kingine kinachobadilisha mashine kuukuu kama hicho, mtu anadhani umempa mpya. RAM ipime kwa programu ya Memtest86+ usiku kucha, nenda kalale. Madabodi ziangalie kwa macho, vile vikopo vidogo (kapasita) vikiwa vimevimba kichwani achana nayo, mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni wagonjwa sana wa hiyo kitu. Vumbi puliza nje ya nyumba na ushikilie feni kwa kidole isizunguke na upepo.

Betri ya saa nayo, ile ya duara CR2032, wengi mnaidharau. Ikifa, kila mashine ikichomolewa tarehe inarudi miaka ya nyuma huko, na tarehe ikiwa sio sahihi kurasa za mtandao zinakataa kufunguka zinasema sio salama, mtu anaamini intaneti imekufa, anaongeza bando, bado. Nimewahi kupigiwa simu tatu wiki moja kwa ajili ya kidude cha bei ya soda.

Kufuta data. Ofisi moja ilinipa mashine nane, nawasha ya kwanza nakutana na orodha ya mishahara ya wafanyakazi wote na namba zao za akaunti. Usichungulie, na usimsimulie mtu. Mimi nafuta kwa programu ya nwipe kabla ya kitu kingine chochote, kwa hadi diski za kuzunguka kufuta mara moja kunatosha, hizo habari za mara saba ni kupoteza umeme, ila SSD ni tofauti, kuandika juu yake hakufikii kila sehemu, tumia amri yake yenyewe ya kujifuta. Ukimaliza waandikie karatasi yenye namba ya kila diski na tarehe uliyofuta. Hiyo karatasi ndio imeniletea mashine nyingi kuliko maneno yote niliyowahi kuongea, maana mkuu wa ofisi haogopi kutoa kompyuta, anaogopa kilichomo ndani.

Haya, Linux ipi. Mtabishana mpaka asubuhi. Mimi naweka Linux Mint ya Xfce (ile yenye muonekano mwepesi), mashine dhaifu kabisa naweka antiX, nyepesi zaidi, basi. Siri sio ipi, siri ni kwamba ziwe sawa shule nzima, maana ukiweka hii hivi na ile vile mwalimu akijifunza moja hajajifunza nyingine. Na usipeleke mapenzi yako. Mwaka wa pili niliwawekea watu fulani kitu cha kihuni chenye giza na hakina menyu, nilikiona kizuri sana, mwalimu mkuu akashindwa kuizima akachomoa waya ukutani. Zikiwa nyingi za aina moja andaa moja vizuri halafu zirudufu kwa programu ya Clonezilla, ila kumbuka kuzipa majina tofauti baadaye. Waifai ikigoma, na zenye chipu ya Broadcom zinapenda kugoma, usihangaike, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kugawa intaneti, mashine inaiona simu kama mtandao wa kawaida, unadownload draiva (programu ya kuendesha hiyo chipu), umemaliza.

Kilichonisumbua kuliko vyote hivyo ni barua. Ndio, barua. Dada mmoja aliandika barua ya kuomba kazi kwenye LibreOffice (programu huria ya kuandikia, badala ya Word), imekaa ukurasa mmoja vizuri kabisa, akaipeleka steshenari kuprinti wao wana Word, ikatoka kurasa mbili na sahihi yake iko peke yake ukurasa wa pili kama yatima. Alinirudia amenuna. Tangu siku hiyo kila mashine naiwekea fonti za Carlito na Caladea, hizo upana wa herufi zake unalingana na Calibri na Cambria za Word, na Liberation inashika nafasi ya Times New Roman na Arial, hapo mistari haihami. Na LibreOffice naiseti ihifadhi kwa docx (aina ya faili ya Word) moja kwa moja. Najua kuna wenzetu wa msimamo mkali watanirushia mawe, sawa, ila yule dada haendi kupigania uhuru wa programu pale steshenari, anaenda kutafuta kazi.

Lugha nayo nilidhani naijua. Kiswahili kipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatafsiri OpenOffice (ndiyo iliyozaa LibreOffice) tangu 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, kwa hiyo sio kitu cha kubuni. Nikaweka Kiswahili kwenye shule ya sekondari nikitegemea watafurahi, walimu wakaniomba nirudishe Kiingereza kwa sababu somo na mtihani ni kwa Kiingereza, mwanafunzi akijua "hariri" halafu karatasi ya mtihani imeandika kingine inakuwa shida. Kikundi cha VICOBA (cha kuweka na kukopa) ndio wakaking'ang'ania, mweka hazina wao hataki hata kusikia habari ya kurudisha. Kwa hiyo uliza kwanza, usiamue wewe.

Kitu ambacho kimeiuza Linux bila mimi kusema neno ni flashi zenye virusi. Zile flashi za kuzunguka steshenari, mtu akifungua anakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, analia kazi zake zimepotea. Akichomeka kwenye mashine zetu anakuta kila kitu kipo, kwa sababu kirusi kilikuwa kimeyaficha tu mafolda kwa namna ambayo Windows inaiheshimu na Linux haiitambui. Shule moja walimu walianza kuja na flashi zao kwenye maabara kama watu wanaenda kwa mganga.

Intaneti usiitegemee. Weka Kiwix (ya kusomea tovuti bila intaneti) na Wikipedia ndani, weka Kolibri (masomo ya bila intaneti) kama shule ina mashine moja yenye nafasi ya kugawia nyingine. Na fanya apdeti zote kwako kabla hujapeleka halafu zima zile za kujiendesha zenyewe, mwalimu akiwasha hotispoti ya simu yake atume faili moja kumbe mashine sita zimejiunga zinavuta apdeti, bando la wiki limeisha dakika kumi, na hapo atakuchukia wewe.

Umeme: ukipata nafasi ya kuchagua chagua laptopu, hata betri ikiwa inashika nusu saa tu. Desktopu na skrini yake inakula wati mia hivi na zaidi, laptopu thelathini, kwa shule ya sola hiyo ndio tofauti ya kuwasha tatu au kuwasha kumi. Betri iliyovimba toa usiiguse guse. Za kutoka Ujerumani kibodi zake Z na Y zimebadilishana nafasi, bandika stika.

Sasa kukabidhi. Nilikuwa nawakabidhi ofisi ya mkuu, hotuba, picha, mashine zinafungiwa kabatini zisiharibike, miezi sita baadaye bado zina plastiki. Siku hizi natafuta mtu, na mara nyingi sio yule mwenye cheo cha kompyuta. Shule moja mtu aliyezifanya zikaishi ni mlinzi wa usiku, alianza na Tux Typing kujifunza kuandika maana usiku ni mrefu, sasa anabadilisha RAM mwenyewe na walimu wakikwama wanamsubiri jioni aingie zamu. Mfundishe mtu huyo na mwenzake mmoja, sio mmoja peke yake, watu wanahama. Na paswedi ya msimamizi iandike kwenye karatasi uifunge kwenye bahasha uwaachie. Mimi niliwahi kuondoka nayo kichwani, nikapigiwa simu mashine inadai paswedi nao nimewapa isiyo sahihi, nikapanda bodaboda kilomita sabini na mvua kwenda kuandika herufi nane.

Kuhusu hela, watu wakisikia bure wanajua ni kitu cha hovyo. Mimi nasema huria, nawaambia hii unaweza kumrudufia jirani yako na hujamwibia mtu, hapo wanaelewa haraka. Mashine siuzi ila naomba wachangie SSD na nauli, wanaochangia wananipigia ikiharibika, niliowapa bila senti wananyamaza inageuka meza ya kuwekea vitabu. Na akija mtu programu yake ya mahesabu inakubali Windows tu, mwambie ukweli kwamba hapa hutamsaidia, usimlazimishe. Wa kutaka nimpigie Windows ya wizi huyo namwonyesha barabara.

Nilitaka niandike na habari za printa ila zile zinataka siku yake na mimi presha yangu siiamini. Jumamosi hii kuna kumi na nne zinaingia, kama uko Morogoro na unataka kujifunza kwa mikono njoo saa tatu asubuhi, uje na bisibisi yako ya nyota maana zangu zimeisha zote na kila aliyeazima anasema karudisha.