Mipira ya gofu "kama mipya": mkuu, usiingie nayo mashindanoni

Mkuu, hiyo hela irudishe mfukoni. Usimtumie huyo muuzaji hata senti mpaka umalize kusoma hapa.

Kwa wanaopita haraka: mtoa mada kapata mtu mtandaoni anayeuza dazeni za mipira ya gofu "kama mipya", ya jina kubwa, chini ya nusu ya bei, na anataka kuichezea mashindano ya klabu yake. Anauliza kama itamfaa mtu wa handikapu 20 (mchezaji wa kiwango cha kawaida tu), achukue laini au migumu, na kama ya njano inaonekana vizuri kuliko nyeupe. Wachangiaji wa juu wamemjibu "chukua tu, mpira ni mpira". Ushauri huohuo nilipewa mimi, na walionipa hawakuwepo siku kamati inaniita pembeni.

Kwanza ujue unauziwa nini. Kuna mpira uliookotwa, ukaoshwa, ukauzwa ulivyo na makovu yake. Huo ni mtumba wa heshima, sina ugomvi nao sana. Kuna uliochubuliwa rangi ya juu, ukapakwa nyingine na kugongwa nembo upya ili ufanane na uliotoka kiwandani. Na kuna feki, ambao kiwanda cha hiyo kampuni haukijui hata kwa ndoto. Muuzaji yote mitatu ataiita "kama mipya", na picha ya simu haitakutofautishia.

Mimi nilipata ya aina ya pili. Ilikuwa inang'aa, nisiwe mwongo. Myeupe pe, namba imekaa katikati, nembo safi. Nikaifanyia mazoezi msimu mzima, na dreva, ile fimbo ya mikwaju mirefu, ikaanza kuniasi. Napiga vizuri, mlio mzuri, mpira unatoka sawasawa, ukifika katikati ya safari unakata tamaa na kushuka. Mwingine wa boksi hilohilo unapaa juu kupita kiasi, unaning'inia, halafu unahamia kulia. Nikajilaumu mwenyewe. Nikalipa mwalimu, akanibadilisha mshiko. Nikabadilisha dreva. Nikaanza kusimama vibaya makusudi ili kufidia mpira unaokwenda kombo, na nikafanikiwa! Msimamo ule mbovu bado unanitafuna mpaka leo, kila nikichoka unarudi wenyewe.

Sababu yake ni rahisi na hakuna aliyeniambia. Vile vishimo juu ya mpira, ambavyo kwa kawaida ni 300 hadi 500, si pambo. Ndivyo vinavyofanya hewa iushike mpira na kuuachia kwa mpangilio, ukokotaji upungue na mpira upate kuinuka. Mpira usio na vishimo kabisa huruka takriban nusu tu ya umbali. Na kina cha kishimo kimoja ni kama robo ya milimita. Sasa chubua rangi ya asili, paka nyingine, weka na vanishi juu yake. Upande mmoja vimejaa kidogo, upande mwingine vimebaki vilivyo. Ni sawa na gari lililopigwa rangi kuficha kutu, isipokuwa hapa rangi yenyewe ndiyo inayoharibu mwendo.

Siku ya mashindano nilikuwa nacheza vizuri kuliko kawaida yangu. Nikatoka mchangani kwa weji (fimbo ya mikwaju mifupi), mpira ukatua grini (zile nyasi fupi zenye shimo), nikauwekea alama, nikauokota niufute. Taulo ikatoka na kigamba cheupe. Nikaugeuza: pale weji ilipokwaruza, rangi imebanduka, na chini yake kuna nusu ya nembo ya buluu ya kampuni fulani isiyohusiana kabisa na jina lililoandikwa juu. Mwenzangu aliyekuwa anaandika alama zangu akaiona kabla sijafunga kiganja. Hakusema neno. Akamtazama msimamizi tu.

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili, mkuu. Klabu yenu inaweza kuwa imepitisha kanuni ya mahali (ya hiari ya klabu) inayoitwa G-3, kwamba mpira lazima uwe kwenye Orodha ya mipira iliyoidhinishwa na R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia sheria za gofu duniani. Kwetu ilikuwepo. Mimi nikabisha kwa sauti ya mtu anayejua sheria: jina hili lipo kwenye Orodha! Lipo kweli. Lakini mpira uliofanyiwa ukarabati hauruhusiwi pale kanuni hiyo inapotumika, hata kama jina lake limeorodheshwa. Na adhabu yake si mkwaju mmoja wala miwili. Unaondolewa mashindanoni. Pasipo G-3, mpira kama huo unachukuliwa kuwa halali mpaka uwepo ushahidi mzito wa kinyume, kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuambia "mimi nachezea hiyo kila wiki sijawahi kuulizwa", anasema kweli na bado anakupoteza.

Nilimpigia muuzaji. Huyu ndugu, ambaye kabla ya malipo alikuwa ananiita bosi na kunijulia hali ya watoto, akaniambia "wewe uliona bei, ulitegemea nini?" Nilitegemea uandike kwamba umepaka rangi, bwana! Neno moja tu kwenye tangazo. Badala yake aliandika "daraja A tano". Na hizo A zenyewe, wakuu, hakuna chombo kinachozisimamia. Kila muuzaji ana macho yake na A zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimevunja sheria kwa mpira usio na faida yoyote. Miaka ya 1970 kulikuwa na mpira Marekani unaitwa Polara, vishimo vyake vimepangwa makusudi ili ujinyooshe wenyewe hewani. USGA wakaukataa, wakaweka kanuni ya ulinganifu (mpira uruke vilevile upande wowote utakaoupiga), kesi ikaenda mahakamani na mwaka 1985 USGA wakamalizana na kampuni hiyo kwa kuilipa dola milioni 1.4. Wale walau walikataliwa kwa mpira unaokwenda moja kwa moja. Mimi nimeondolewa kwa unaokwenda vichakani.

Feki sitaisemea sana. Utaigundua kwenye mikwaju mifupi: mpira halisi wa bei kubwa una ganda la yurethani (plastiki laini) na tabaka kadhaa ndani, ndiyo maana unasimama ukitua. Feki nyingi ni ganda gumu juu ya kiini kimoja, unatua grini na kuendelea na safari zake. Ukiwa na mizani ndogo ya dijitali na kalipa (kifaa cha kupimia upana), pima. Uzito usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67. Mdogo na mzito ndio haramu, kwa kuwa ndio unaopasua upepo. Kuelea kwenye maji ya chumvi nako kunasaidia: weka alama ya kalamu juu, uzungushe, na alama ikirudi juu palepale kila mara, kiini kimekaa upande.

Na iliyotolewa ziwani? Maji hupenya ganda polepole, na kwa macho huwezi kujua ulilala humo wiki au miaka. Isitoshe klabu huhesabu mipira ya maji yake kuwa mali yake. Mwaka 2002 huko Uingereza kuna mtu alifungwa kwa kuiopoa usiku, ingawa rufaa ilimtoa. Kwa mazoezi ya kupiga kuelekea wavuni, ichukue, haina neno.

Sheria yangu ni moja na siibadilishi: mpira usioujua umepita mikono ya nani haupigiwi raundi inayoandikwa kwenye kadi. Haijalishi unang'aa vipi. Ukibanwa na hela nunua mipya ya tabaka mbili, ya bei ya chini kabisa, au toleo la zamani ambalo duka linataka kulimaliza, halafu fungua Orodha ya mwezi huo uhakikishe jina na alama za pembeni zinafanana. Zinapaswa kufanana neno kwa neno, pamoja na mishale. Kisha muulize katibu wa klabu swali moja: G-3 ipo au haipo?

Kama dazeni ulishalipia, chukua mmoja, kwaruza rangi kwa ncha ya kisu karibu na nembo, uupige picha kwenye jua la pembeni, tuwekee hapa tuuone. Na jina la huyo muuzaji nitumie faragha, nina wasiwasi tunamfahamu.