Umelelewa makao na unataka kazi ya Serikali? Anza na karatasi

Mdogo wangu uliyelelewa makao ya watoto, au kwa mlezi wa kambo, kuna jambo semina za vijana huwa hazilitaji. Mfumo wa ajira serikalini haukukatai kwa kuwa huna wazazi. Hakuna tangazo lenye sharti hilo. Ila kila hatua yake inamtarajia mtu mwenye ukoo nyuma yake: baba wa kuandikwa kwenye fomu, mjomba wa kukopesha nauli, shangazi wa kumpokea Dodoma. Mimi nimelelewa huko huko na leo ni mtumishi wa halmashauri. Wenzangu wengi niliowaona wakikwama hawakukwamishwa na mtihani. Walikwamishwa na karatasi.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa makao hukusanya majina. Tuseme kituoni unaitwa Neema Tumaini. Shule ya msingi wakakuandikia ubini wa msimamizi wa kituo, ukawa Neema Joseph. Kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne mtu akaona ayaunganishe, cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kikatoka Neema J. Tumaini. Mtaani wote wanajua ni wewe. Kwenye chumba cha usaili ni watu watatu. Tangazo la kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba ambaye majina yake yanatofautiana katika nyaraka aje na Deed Poll iliyosajiliwa, yaani hati ya kisheria ya majina. Kiapo cha kugongewa muhuri asubuhi ya usaili si kitu hicho. Hati hiyo huandaliwa na wakili, kisha husajiliwa, na inataka pesa na muda. Na usitegemee mtu akufumbie macho: tangu uhakiki wa 2017, ulioibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, maofisa wanasoma majina herufi kwa herufi.

Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kitafute ukiwa bado makao, kabla ya mtihani wa kidato cha nne kama inawezekana, ili majina ya NECTA yafuate cheti. Mtoto asiyesajiliwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa huingia kwenye usajili wa waliochelewa, na huko wanataka vielelezo. Vielelezo vyako viko kwenye faili: barua ya Ustawi wa Jamii, amri ya mahakama kama ilikuwepo, taarifa ya polisi kama uliokotwa, kadi ya kliniki. Omba nakala ya kila karatasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na ukivuka hapo faili lako linatoka mezani linakwenda kabatini. Vituo hufungwa, maofisa huhamishwa, mvua nayo haina adabu kwenye stoo za ofisi zetu.

NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ni hivyo hivyo. Fomu itakuuliza majina ya wazazi. Usibuni. Nenda na cheti chako, barua ya afisa ustawi na barua ya serikali ya mtaa, uulize hapo hapo dirishani kipengele hicho wanakijazaje kwa mtu kama wewe. Ukibuni baba leo, utalazimika kumkumbuka baba huyo huyo kwenye kila fomu maisha yako yote.

Wadhamini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za utumishi wa umma, hutaka wadhamini watatu wa kuaminika, na wenzako wataweka majirani wenye vyeo. Wewe jenga watatu wako makusudi. Mmoja awe mwalimu wa karakana au mkufunzi aliyekufundisha hasa, wa pili aliyekusimamia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, wa tatu afisa ustawi au kiongozi wa dini anayekufahamu kwa miaka. Waombe ruhusa kwanza. Kabla ya kila maombi piga simu uhakikishe namba inaita. Fildi, kwa maoni yangu, ina faida kubwa kwetu kuliko kwa mtoto wa mwenye duka, kwa sababu unatoka na ujuzi pamoja na mtu mzima wa kukusemea.

Kuhusu mafunzo, wafadhili wanatupenda sana kwa kozi fupi za bure: keki, ushonaji, saluni. Si mbaya, zinalisha watu. Lakini kama lengo ni utumishi wa umma, soma tangazo kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Chukua kada, yaani aina ya kazi, unayoitaka, angalia sifa za mwombaji, halafu ndiyo utafute chuo. Dereva Daraja la II, kwa mfano, anatakiwa awe na cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C aliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au chuo kinachotambuliwa na Serikali. Anayetaka utendaji wa kijiji au mtaa aangalie kozi za Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo. Kwa chuo chochote kisicho chuo kikuu uliza swali moja: kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi? Wakianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya kujitolea inavutia mtu asiye na pa kulala, na sikukatazi. Vyombo vya ulinzi huchukua sana vijana waliopita huko. Ila tangazo lao lenyewe husema kila mwaka kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana ajira. Nenda ukiwa umejua utakachofanya siku ukivua zile sare.

Sasa usaili. Kuna mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na kila tangazo lina mstari huu: msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa hiyo akiba ya usaili inaanza siku unayofungua akaunti kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za Serikali. Kwenye akaunti hiyo weka anwani ya unakoishi sasa, si ya kituo ulichotoka. Beba vyeti halisi. Hati za matokeo (result slip) hazikubaliwi, na nimeona mtu akigeuzwa mlangoni kwa sababu hiyo baada ya kulala kwenye basi. Laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha mlezi, na usiibadilishe. Anayefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na anaweza kuitwa miezi kadhaa baadaye, wakati wewe umeshahama chumba mara tatu.

Wakikuambia ujieleze, sema jina, elimu, kazi uliyowahi kufanya kwa mikono yako. Kulelewa makao unaweza kukutaja kwa sentensi moja au usikutaje kabisa, ni hiari yako. Alama za huruma hazipo kwenye karatasi yao.

Ukipata barua ya ajira, ripoti ndani ya muda ulioandikwa. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mpaka taarifa zako ziingizwe na upate cheki namba, yaani namba yako kwenye mfumo wa mishahara, na huo ndio mwezi ambao wenzako hula kwao. Mwezi huo huo watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, watakufuata mpaka getini. Kataa. Sheria inataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wako wa msingi baada ya makato, lakini wale hawapiti kwenye hati ya mshahara. Wanachukua kadi yako ya benki na namba ya siri. Kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 inakatwa pia, kwa hiyo hesabu kilichobaki, usihesabu kilichoandikwa. Utakuwa kwenye majaribio miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Ndugu usiowajua nao wataanza kupiga simu. Wengine ni ndugu kweli. Hakuna haraka ya kuwajibu kwa pesa.

Afisa utumishi atakupa fomu yenye nafasi ya ndugu wa karibu. Watu wa makao huiacha wazi, au huandika jina la kituo. Andika mtu: mlezi, rafiki mliyekua naye chumba kimoja, dada wa jikoni aliyekuuguza. Kwenye uhusiano andika ukweli, "mlezi" au "rafiki", na uweke namba yake ya simu, maana ukianguka kazini ndiye atakayepigiwa. Ukioa au kuolewa, rudi ubadilishe.