Kuhusu kumwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki

Ndugu, umeuliza kama inatosha kufuatisha maji ya moto na sabuni baada ya kumwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Haitoshi, kwa sababu maji hayo hupoa kabla hayajafika mbali, sabuni huzimuliwa, na mafuta huganda kwenye kuta za bomba, mahali ambapo huwezi kuyaona wala kuyafikia. Huko chini asidi za mafuta hukutana na kalsiamu, ambayo kwa sehemu hutoka kwenye zege la mfereji wa majitaka wenyewe, zikafanya kitu kigumu mfano wa sabuni, kinachonasa vitambaa vya kujifutia na takataka nyingine hadi njia ikazibika.

Mfano unaojulikana sana ni wa Whitechapel, London, ambako mwaka 2017 lilikutwa bonge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani zipatazo 130. Wafanyakazi walilivunja kwa wiki kadhaa kwa maji ya shinikizo kubwa na majembe, na kipande chake, amini usiamini, kiliwekwa katika maonyesho ya makumbusho ya jiji hilo mwaka 2018.

Nyumbani kwako, acha mafuta yaliyochakaa yapoe, uyatie kwenye chupa yenye kifuniko na kuitupa pamoja na taka ngumu, na sufuria uifute kwa karatasi kabla ya kuiosha. Mwenye mgahawa anahitaji pia shimo la kunasia mafuta kabla ya bomba kuu, nalo lisiposafishwa mara kwa mara halina kazi.