Ndoo za zege zinatosha kushikilia hema la harusi?

SWALI: Nakodisha mahema ya harusi na misiba hapa Morogoro. Siku hizi nyua nyingi zimewekwa pevingi na wenyewe hawataki tupigilie vigingi. Hema langu ni la mita 10 kwa 20, lina nguzo 10, na kila nguzo nimeifunga kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa zege. Ni la siku moja tu. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Ndoo moja ya zege ina kama kilo 48, kwa hiyo zote kumi hazifiki nusu tani. Wapambaji wakishazifunika kitambaa cheupe zinaonekana imara kuliko zilivyo.

Upepo wa kilomita 60 kwa saa, ule unaotangulia mvua, husukuma kwa takriban kilo 17 kila mita ya mraba. Paa lako ni mita za mraba 200. Upepo ukiingia chini ya turubai ukakosa pa kutokea, huku mwingine ukipita juu, hema linaweza kuvutwa kwenda juu kwa nguvu inayokaribia tani tatu na nusu. Ndiyo maana mahema mengi hupaa kwanza ndipo yaanguke.

Weka mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa maji kwa kila nguzo. Hizo ni tani 4. Chini yake tandika mpira wa tairi kuukuu, kwa sababu kamba ikivuta kimshazari pipa huteleza kwenye pevingi kabla ya kunyanyuka. Kuta za turubai zifungwe zote au zifunguliwe zote. Upepo ukizidi hizo kilomita 60 kwa saa, toa watu, na vijana wasining'inie kwenye nguzo.

Halafu hilo neno "siku moja". Ni siku moja kwa mwenye harusi. Wewe hema hilo umelisimamisha Jumamosi ngapi? Mbunifu Mjapani Shigeru Ban alijenga katika mji wa Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995, kanisa la nguzo 58 za mabomba ya karatasi. Lilikuwa la muda, likatumika miaka 10, kisha likafunguliwa vipande vipande na kusimamishwa upya Taiwan. Lako pia lina maisha marefu, tena ya kukunjwa na kukunjuliwa, na linachakaa kwenye maungio. Kagua bolti na mishono kila unapolipakia. Kamba zilizokakamaa kwa jua zitupe, hata kama hazijakatika.