FMRP hushika RNA. Kwa nini ikikosekana ni mikrotubuli zinazokuwa imara kupita kiasi?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma baiolojia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kuwa FMRP ni protini inayoshika RNA, kisha tukaambiwa kwamba panya asiye nayo ana mikrotubuli imara kupita kiasi kwenye seli za neva. Vinahusianaje? Na uimara si jambo jema?

Jibu: Marahaba. Kinachoviunganisha ni protini iitwayo MAP1B.

Mikrotubuli ni mrija ndani ya seli, uliojengwa kwa protini iitwayo tubulini, wenye upana wa nanomita 25 hivi. Katika neva changa, ncha yake hurefuka, hubomoka ghafla, kisha hurefuka tena. MAP1B hujishikiza kwenye mrija huo na kupunguza kubomoka. FMRP nayo hushika mRNA ya MAP1B, yaani RNA inayobeba maagizo ya kuitengeneza, na kuizuia isisomwe ovyo na ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini. FMRP ikiondoka, MAP1B hutengenezwa kuliko inavyotakiwa, na mirija inakaza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa nzi wa matunda, wa mwaka 2001. Nzi wasio na FMRP walikuwa na sinepsi, yaani maungio ya seli za neva, zilizokua kupita kiasi. Watafiti wakawaondolea pia futsch, ambayo ndiyo MAP1B ya nzi, na sinepsi zikarudi katika hali ya kawaida. Kasoro mbili zikafutana! Ni vigumu kupata hoja safi kuliko hiyo.

Kuhusu uimara, fikiria mirunda inayoshikilia zege. Siku za mwanzo huwezi kujenga bila hiyo, lakini ikiachwa baada ya zege kukauka, chumba hakipitiki. Ubongo wa panya mchanga una MAP1B nyingi, kisha kiasi hicho hushuka kadiri sinepsi zinavyoundwa. Bila FMRP, kushuka huko huchelewa. Aksoni, yaani mkia mrefu wa seli ya neva, inapotafuta njia inahitaji mirija inayoweza kuvunjwa pale ilipokosea.

Kwa binadamu, jeni ya FMR1, inayotengeneza FMRP, hunyamaza pale herufi CGG za DNA yake zinapojirudia zaidi ya mara 200, na mtu hupata ugonjwa wa X dhaifu. Usiitwishe MAP1B lawama zote za ugonjwa huo, maana FMRP hushika mRNA nyingine mamia.

Ukipata nafasi ya kupima mwenyewe maabara, andika umri wa panya kwa siku. Ukitumia panya aliyekomaa pekee, pengine tofauti hutaiona.