Kivuli mashua ikiwa nangani
Kwa aliyeuliza atapataje kivuli mashua ikiwa imetia nanga: usinunue mti mwingine, foromali, ule mti unaobeba tanga, unayo. Kunja tanga ulifunge juu yake, ishushe hadi juu kidogo ya kichwa, ikaze kwenye mlingoti, na ncha yake ya upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, uiegemeze kwenye mti wenye panda. Juu yake tandaza marikani, kitambaa cha pamba. Turubai la plastiki lina joto, na likipigwa na upepo hulali kwa makelele. Pembe za marikani zishonee viraka viwili viwili, ndipo panapochanika kwanza. Upande wa omo, yaani mbele, uache wazi hewa ipite, maana chombo nangani mara nyingi huelekea upepo. Tafadhali, kamba za ubavuni zifunge kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja! Dhoruba ikiingia ghafla, kitambaa kilichokazwa huburuza nanga.